Yale Tuliyoyasemea Kwenye Chai

Mgeni rasmi, Daktari Jelimo, pamoja na watafiti wenzako, karibuni tena Kiminini.

TULIVYOANZA

Asubuhi moja ya Juni 2009, katibu wetu Nafisa alikuwa akipima unga dukani kwa babake, kama kila siku, gari lenu liliposimama mlangoni. Ukamwuliza, "Dada, unaweza kututafutia watu ishirini wa kujaribu kofia?" Alidhani mnauza kofia. Kumbe ni ya kompyuta: ukiivaa unajiona shambani juu ya trekta, nawe umekaa kitini ukumbini.

SHUKRANI

Daktari, vitu vingi hutufikia vikiwa vimekwisha tengenezwa. Ninyi mmetuuliza kwanza, na hatutasahau. Akina mama kumi na mmoja ambao hawajawahi kushika usukani wamelima ekari nzima. Mzee Gikonyo, dereva wa trekta kule Endebess, alipomaliza kulima "alishuka", akajikuta sakafuni. Tunamcheka hadi leo, naye anacheka.

CHANGAMOTO

Mlituomba tuseme kwa sauti kila tunachofikiri tukiwa ndani ya kofia. Hapo ndipo tuliposhindwa. Wageni mmetoka mbali, tungewaambiaje kazi yenu ina kasoro? Ndani tulisema, "Nzuri sana, Daktari." Ukweli tuliusemea nje, kwenye chai.

"Ati uliona ile kona?" mwenzetu Wekoye aliuliza. "Nageuza kichwa, shamba inakuja nyuma pole pole kama ng'ombe mgonjwa!"

"Si ungemwambia Daktari?" Roselyne akamchokoza.

"Na wewe ulimwambia, bana?"

Nafisa alisikia. Alikuwa ametoka nyuma ya ukumbi kutapika, akanawa uso, akafunga mtandio vizuri, kisha akatia alama kwenye "nzuri sana" katika fomu yenu ya maoni.

OMBI

Tumesikia leo utatia sahihi, kofia ziende kwa wanafunzi wa kilimo huko Bumula. Sisi tulizivaa dakika kumi. Wao watazivaa saa nzima. Hatuombi maji wala barabara. Tunaomba usitie sahihi leo. Tupime upya, na safari hii mnywe chai pamoja nasi.

Mungu awalinde njiani na aibariki mikono iliyotengeneza kofia hii.

Ni sisi, Kikundi cha Wajaribu Kofia, Kiminini.

Anayekusomea risala hii ni Nafisa mwenyewe. Ameomba maneno ya mwisho yawe yake:

"Daktari, kofia yako ilinitia kizunguzungu mpaka nikatapika. Niliandika 'nzuri sana' kwa sababu wewe ulikuwa mzuri kwangu."