Paa la Bahari Mbili

Mheshimiwa Meya Hedvika Kubátová, Mkuu wa Stesheni, Baba Paroko, wageni mliokuja kwa treni na wenyeji mliokuja kwa miguu, nawe dada yangu Květuše uliyekaa mstari wa mbele ili unichunge: nawasalimu.

Nimeombwa niseme machache tunapolizindua paa jipya la stesheni yetu ya Rozvodnice. Daktari amenikataza kusimama. Nimemjibu kwamba nitapumzika vizuri huko ninakokwenda.

Mji huu hauna mto wala ngome, na hakuna mfalme aliyewahi kulala hapa. Tulichonacho ni mgongo wa ardhi unaoyagawa maji ya mvua kaskazini na kusini. Makundi mawili ya wachimbaji, moja kutoka kaskazini na jingine kutoka kusini, yalipanda na reli zao yakakutana hapa juu, yakatukanana, yakanywa bia, kisha yakajenga stesheni moja na viwanja viwili vya makaburi, kimoja kila upande. Sisi ni wajukuu wao. Ndiyo maana hadi leo watu wa mfereji wa kusini, ule unaopokea maji ya paa upande huo, huulizwa kama wameshajifunza kunawa, na sisi wa kaskazini huambiwa tunapika supu ya kiazi kimoja.

Nimefundisha jiografia maisha yangu yote, na bado mvua ikinyesha hutoka nje kulitazama paa la stesheni, zamani lile la kale na sasa hili, lenye miteremko miwili. Tone likiangukia upande huu, hushuka hadi mto Labe, likaishia Bahari ya Kaskazini. Ndugu yake, akisukumwa na upepo shubiri moja tu, hushika njia ya Danubi hadi Bahari Nyeusi. Nani anaweza kuliona jambo hilo asivue kofia? Yule mhandisi aliyetaka kutuwekea paa bapa lenye bomba moja hakuwa mtu mbaya. Hajawahi tu kusimama hapa akalowa.

Sasa niungame, maana muda sina. Baba Paroko, usiinuke, hili si lako. Mnaijua desturi: bibi harusi huvuka daraja lililo juu ya reli kwenda upande wa mumewe, lakini akifa hurudishwa makaburi ya kwao. "Maji hurudi mferejini mwake," ndivyo tusemavyo. Drahomíra wangu alikuwa binti wa kusini. Siku ya harusi, katikati ya daraja, alininong'oneza, "Otakar, leo nimevuka mimi. Zamu ijayo ni yako." Nikacheka. Sasa yeye amelala kule, na shimo langu liko huku. Ndugu zangu, kufa siogopi. Naogopa kulala na mgongo wa Ulaya ukiwa kati yetu.

Naomba, mbele yenu nyote, nizikwe kusini. Meya ameniambia hana kipingamizi, mradi mkubwa wa ukoo wetu aridhie. Mkubwa wa ukoo ni Květuše, na nilipomgusia Jumapili alinijibu, "Vuka uone! Nitakufukua kwa mikono yangu!"

Dada, mbona unasimama? Tulieni, jamani, tumsikie.

Kwa ninyi wa nyuma ambao hamkusikia, anasema: "Haya, vuka, mjinga wewe! Lakini kofia yako tutaizika kwetu."

Mmesikia, nyote ni mashahidi. Sina la kuongeza, ila shukrani kwa kunivumilia mimi mzee wenu.

Na sasa vueni kofia, ndugu zangu. Mvua inaanza.