Bi Zdravka na Simba Aliyekalia Majina

Bi Zdravka Kolarova anastaafu tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja katika ofisi ya vyeti ya manispaa yetu. Kwa desturi, anayeondoka ndiye anayelisha wanaobaki, kwa hiyo banitsa mnayokula, mkate huu wa jibini, ameioka mwenyewe alfajiri. Baadhi yenu mngepaswa kuila mmeinamisha vichwa.

Alianza na taipureta. Tulipohamia programu huria, zile zisizouzwa, zinazotengenezwa na watu wa kujitolea, ofisi nzima ilinung'unika, yeye akajifunza. Programu ya kuandikia ilikuwa na kasoro moja: ukichapisha cheti, simba wa nembo ya taifa anaruka na kukalia jina. Mama mmoja aliturudishia cheti cha mwanawe akiuliza, "Jamani, nimezaa mtoto au mnyama?" Bi Zdravka alicheka naye, akamchapisha simba peke yake, kisha akairudisha karatasi ile ile kwenye mashine kwa ajili ya maandishi. Akafanya hivyo kwa kila cheti, miaka nenda miaka rudi.

Sisi tulitukana kompyuta. Yeye aliandika kwenye ukurasa wa mtandaoni unaopokea kasoro: kimetokea nini, baada ya kubonyeza nini. Akasubiri. Aliyemjibu ni Urmas, mwalimu wa Estonia anayeitengeneza programu hiyo Jumapili, bila malipo. Vuli iliyopita akaandika kwamba chanzo amekiona, Krismasi haitapita kabla hajaiondoa kasoro.

Ndipo mkuu wa idara yetu, Bwana Trendafilov, ambaye hajawahi kuripoti hata kasoro moja, akaingia ukurasa ule kwa jina la ofisi: "Wavivu nyie! Tengenezeni leo au tunahama!" Loh! Unamfokea mtu anayekusaidia bure? Hivi haya zimekwenda wapi? Urmas akajibu, "Hameni salama," akaacha kazi.

Nilitaka kurusha kiti. Bi Zdravka akaniambia, "Keti, mwanangu. Hasira zako hazichapishi cheti." Aliomba radhi mara moja tu, wala hakumsihi Urmas arudi. Majira yote ya baridi akawa anajaribu kasoro walizoripoti wengine, Wareno kwa Wapolandi, kuhakikisha kama zipo kweli. Ni kazi ya kuchosha ambayo hakuna anayeitaka. Aprili, Urmas akarudi. Toleo jipya limefika wiki hii, na simba sasa anakaa mahali pake.

Nasikia Bwana Trendafilov atahutubia leo kwamba "tuliwabana mpaka wakatii." Uongo mtupu! Urmas ameandika sababu yake, dunia nzima inaisoma: "Nimemaliza kwa ajili ya Zdravka."

Bi Zdravka, asante kwa kutuvumilia hata sisi. Nenda kwenye nyanya zako kijijini, ulale mpaka jua likuchome, na afya isikuache. Kasoro bado zipo tele, na nywila ya ofisi ya kuziripoti umeniachia mimi. Bwana Trendafilov, sikupi hata ulie.