Mwalimu Aliyetaka Kujibiwa

Wasikilizaji wapendwa, habari za jioni hii. Mlio Thika, mlio Ruiru, na nyinyi mlio huko Gatuanyaga mnaokula vumbi kwa niaba yetu sote, karibuni. Jina langu ni Gichuru. Leo tunamkumbuka mwalimu Rachael Katunge. Narudia kwa waliofungua redio sasa hivi: tunamkumbuka mwalimu Rachael Katunge, aliyefundisha Kiingereza hapa kwetu maisha yake yote. Alifariki Alhamisi ya wiki iliyopita, katika hospitali moja mjini Thika, akiwa na umri wa miaka sitini na tatu. Atazikwa kesho, Jumamosi, nyumbani kwao Gatuanyaga.

Niseme mapema kwamba leo nimekasirika. Kwa kawaida kipindi hiki nakuja na sauti ya upole, ile ya kumshika mtu mkono. Leo sina. Mkinisikia nafoka, mnivumilie. Mwalimu mwenyewe alikuwa mtu wa kufoka, kwa hiyo sidhani nimemkosea heshima.

Mimi nilimjua kwa simu. Alikuwa anapiga hapa studio kila nikiharibu Kiingereza, na nyinyi wenyewe mnajua ninavyokiharibu. Siku moja msichana fulani aliomba wimbo. Nikamwambia, "We will definitely maybe be able to play it." Nilidhani nimesema kitu cha maana. Kabla tangazo la unga halijaisha, simu ikaingia.

"Gichuru mwanangu," akasema, "huo wimbo utachezwa au hautachezwa?"

"Mwalimu, itategemea na muda."

"Basi sema itategemea na muda! 'Will' ni ahadi. 'Definitely' inaikaza. Halafu unaleta 'maybe' uifungue tena. Msichana wa watu ameketi hapo na redio yake, afanye nini? Angoje ama aende akapike?"

Ule wimbo sikuucheza, wasikilizaji. Muda uliisha kweli.

Na Mungu akusaidie useme "I can be able to." Sisi wote tunaisema, kutoka kwa karani wa benki mpaka kwa mchungaji. Mwalimu alikuwa akiisikia anafunga macho kama mtu anayeumwa jino. "Kuweza mara moja hakukutoshi?" anauliza. Mtu anaomba msamaha, halafu anairudia hapo hapo, na Mwalimu anafunga macho tena.

Hivyo ndivyo vilikuwa vita vyake. Vita vya maneno madogo. Can, may, must, should, will. Pamoja na yale yanayopenda kukaa karibu nayo: probably, hardly, definitely, never. Alisema watu wakitaka kujificha, hujificha hapo. Ukitaka kujua kama fundi wa nguo atamaliza suruali yako Ijumaa, alisema, usisikilize "finish". Sikiliza yaliyotangulia. Fundi akisema "I will finish," nenda nyumbani. Akisema "I should probably finish," tafuta suruali nyingine.

Alizaliwa Gatuanyaga, mtoto wa kwanza wa Mama Mwelu. Alifundisha shule za sekondari kuzunguka Thika mpaka alipostaafu. Halafu akahamia Kiuu, kule Ruiru, karibu na ndugu yake mdogo, Kaleli. Mngedhani atapumzika. Wapi! Kila Jumamosi mchana alikuwa na darasa nyuma ya kanisa. Walinzi walikuja, wasusi walikuja, na wale wasichana wanaosubiri kwenda Uarabuni kwa kazi za nyumbani. Aliwafundisha sentensi ambazo mtu anazihitaji kweli, za kusema napumua kwa shida, au usinifungie mlango huu kamwe. "I can hardly breathe." "You must never lock this door." Wasichana walikuwa wanazikariri huku wakicheka. Yeye hakuwa anacheka.

Mmoja wa wanafunzi hao ni Jared, mlinzi wa jengo moja la kukodisha pale Kiuu. Nilimtafuta. Msikilizeni.

"Mimi nilikuwa naambia tenant, 'Sorry, maybe you can kindly try not to park here.' Anaparki tu. Ananipita ni kama mimi ni mti. Mwalimu akanisimamisha mbele ya class, akaniambia sema, 'You must never park here, sir.' Nikasema mpaka sauti ikatoka. Hiyo wiki hakuna gari iliziba gate. Lakini pia alinionya. Alisema kama mtu ameshaparki na unataka asonge, hapo ni 'Could you possibly move your car.' Hapo unaenda pole pole. Aliniambia, Jared, kuomba ni laini, kujibu ni wazi."

Kuomba ni laini, kujibu ni wazi. Shikeni hayo. Msije mkafikiri alikuwa mtu mkali tu. Neno kama "possibly," alisema, ni sukari ya chai. Mgeni mwekee. Lakini ukionja chai ukakuta ni sukari tupu, ujue majani yalikuwa yameisha.

Sasa nakuja kwa kile kinachonichemsha.

Mwishoni mwa mwaka jana Mwalimu alianza kuumwa na tumbo. Akapungua mpaka nguo zikamkataa. Mwaka huu akapelekwa hospitali, akapimwa. Daktari akamwita Kaleli kando, kwenye korido. Akamwambia ni saratani ya kongosho, imeshaenea, na hawana la kuiponya. Kaleli ni mekanika, mtu mkubwa wa mikono mikubwa. Alirudi wodini akamwambia dada yake ni vidonda vya tumbo.

Jioni hiyo familia ikafungua grupu ya WhatsApp. Ujumbe wa kwanza ulisema: Mwalimu asiambiwe. Wasikilizaji, msijifanye mnashangaa. Nyote mmewahi kuwa kwenye hiyo grupu. Mtu wetu akiugua tunamwambia kila mtu isipokuwa yeye. Mama mboga anajua. Mwenye nyumba anajua. Mwenye tumbo peke yake ndiye hajui!

Na Mwalimu alikuwa anataka kitu kimoja tu. Mama yake, Mama Mwelu, yuko Gatuanyaga. Miguu haimbebi tena, hawezi kuja Ruiru. Mwalimu alisema hivi: kama napona, sina haraka, nitaenda kwa mama nikipata nguvu. Kama siponi, nipelekeni sasa, nikakae naye nikiwa bado naweza kuongea. Ni rahisi namna hiyo. Alihitaji jibu ili ajue aende au abaki. Alikuwa ameruhusiwa kurudi nyumbani Kiuu, na huko akawa anauliza kila siku.

"Kaleli, nitapona?"

"You will surely be okay, dada."

"Daktari alisema nini?"

"You may probably just need some rest."

Akasukuma bakuli la uji. "'May' na 'probably' kwa mdomo mmoja! Kaleli, mimi ndiye nilikufundisha. Nakuuliza kama ndugu yangu. Niende kwa mwaitu, ama nikae?"

Mwaitu ni mama, kwa Kikamba. Kaleli akamjibu, "Next week, dada. Next week we should definitely try."

Wiki hiyo ikaja, ikapita. Nyingine ikaja. Wageni wakaja na machungwa na maombi, kila mmoja na "surely" yake, yaani hakika utapona. Mwalimu wa watu amelala pale, anayejua uzito wa kila moja ya maneno hayo, na watu wazima wanamrushia kama karanga. Ningekuwa mimi ningetupa machungwa dirishani.

Aliyemjibu mwishowe ni dada yake, Nzilani. Yeye anafuga mbuzi huko Gatuanyaga na simu yake ni kabambe, ile ndogo ya vitufe, haina WhatsApp, ingawa habari za korido alikuwa ameambiwa. Alikuja Ruiru asubuhi moja na chupa ya maziwa. Aliniambia hivi:

"Aliniuliza kwa Kikamba, Nzilani, nitapona? Mimi nikaona huyu ameniuliza na macho. Nikamwambia, hutapona. Nilifikiri atalia. Aliniangalia tu, akasema, 'Asante. Leteni gari.' Halafu akaitisha chakula, akala. Alikuwa amekataa chakula siku nyingi."

Alifika kwa mama yake siku hiyo hiyo. Ilikuwa Jumamosi. Jumapili walikaa nje wawili, mama na mtoto, wakichagua mbaazi kwenye ungo na kuongea mpaka jua likawahamisha. Jumatatu Mwalimu hakuweza kuinuka wala kusema neno. Akarudishwa hospitali Thika. Alhamisi akafariki.

Jumapili moja. Wangepata Jumapili nyingi, wasikilizaji. Zilipotelea Ruiru kwenye "next week."

Mngefikiri hapo watu wamejifunza. Kipindi hiki kilikuwa kiende hewani juzi, Jumatano. Saa sita mchana Kaleli ananipigia.

"Gichuru, tafadhali usitangaze. Mwaitu hajaambiwa."

"Hajaambiwa nini?"

"Kwamba Katunge hayuko."

Haiya! Karibu wiki nzima! Walikuwa wanamwambia Mwalimu yuko hospitali, anaendelea vizuri. Hata Nzilani, safari hii, alinyamaza. Viti vya plastiki vimeteremshwa kwenye boma, hema linasimamishwa, na mama anaambiwa ni mkutano wa kanisa. Kaleli akaniambia wanaogopa moyo wake, pengine watamwambia Jumamosi asubuhi. Asubuhi ya mazishi! Nilimfokea Kaleli mpaka fundi wa mitambo akafungua mlango kuangalia. Nikamwambia mama yenu ana redio, na mimi sitakuwa mtu wa kumpa habari hii. Nenda wewe. Ijumaa nitataja jina. Ndiyo sababu Jumatano mlisikia muziki mtupu mkanitumia meseji za kunitukana.

Leo asubuhi Kaleli amepiga tena. Nimemwuliza kama naweza kuyasema haya hewani. Amesema, "Sema yote. Sema ni mimi nilimficha. Nilifikiri namhurumia dada yangu, kumbe nilikuwa najihurumia." Na haya ndiyo aliyoniambia kuhusu mama yake:

"Nilikaa chini karibu na yeye. Nikasema, mwaitu, Katunge alikufa Alhamisi. Hakushtuka. Akasema, 'Nilijua Nzilani aliporudi kutoka hospitali na blanketi la Katunge.' Nikamwuliza, sasa mbona hukusema? Akasema, 'Nilikuwa nangoja mniambie. Nitamliliaje mtoto na nyinyi mnasema anaendelea vizuri?' Halafu akanishika mkono, akaniuliza, 'Sasa naweza kulia?'"

Kaleli alimjibu, "Unaweza, mwaitu." Hakuongeza neno.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya wote hapa studio, pole sana Nzilani. Pole Kaleli, nimekufokea, na pole yangu ni ya kweli. Poleni wanafunzi wa Jumamosi pale Kiuu. Narudia: mwalimu Rachael Katunge atazikwa kesho Jumamosi, nyumbani kwao Gatuanyaga, saa nne asubuhi. Na wewe unayenisikiliza, kama kuna mgonjwa nyumbani kwako amekuuliza kitu, na ukampa "surely," inuka sasa hivi. Kaa karibu naye. Mjibu.

Pole zangu za mwisho ni za Mama Mwelu, na najua hazimfikii. Kaleli ananiambia amezima redio, amefunga mlango, na tangu asubuhi analia. Tumwache alie.