Neno Kwenye Jiwe la Mama

Benchi limeegemea ukuta wa karakana ya Patasi, mchonga mawe ya makaburi, naye alilikalia pamoja na Kamusi na Wembe wakinywa kahawa. Asubuhi hiyo jiwe la marehemu mama yake Kamusi lilisimama mbele yao, likisubiri kupelekwa. Chini ya jina palichongwa neno moja la Kiingereza: QUERULOUS. Kamusi ndiye aliyelichagua, yeye peke yake kwao aliyemaliza sekondari, kwa kuwa lilijaza mdomo. Alfajiri hiyo ndipo alipofungua kitabu kuhakikisha maana. Tangu hapo hakuwa amemwambia mtu.

— Herufi tisa, alisema Patasi. Hiyo ya kwanza pekee ilinimalizia siku. Lakini haba na haba hujaza kaburi.

— Hilo neno la kimalkia, alisema Wembe, kinyozi. Wanamwita hivyo mwanamke ambaye akipita, hata wazee wanasimama.

— Malkia wapi wewe. Ni la hospitali. Ni mtu ambaye damu yake inamfaa kila mgonjwa.

— Patasi, wewe chonga tu. Hilo hupewa wanawake watatu katika karne nzima. Wawili wameshakufa, wa tatu ndiye huyu. Kamusi, tuamulie. Mwenye kisu kikali ndiye mla nyama.

Kamusi alitazama viatu vyake.

— Ni neno zito, alisema.

Mama yake mdogo akaingia, shuka la kufunikia jiwe safarini likiwa kwapani.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, wanangu.

Aliinama, akapitisha kidole ndani ya herufi moja moja.

— Baba, Jumamosi tukilisimamisha kaburini watu wataniuliza. Hili linasema dada yangu alikuwa mtu gani?

Wembe alifungua mdomo. Kamusi akamshika goti.

— Linasema alikuwa mlalamishi, mama mdogo. Mtu wa kunung'unika kutwa. Sikujua. Nilipenda lilivyokaa.

Patasi aliweka kikombe chini polepole. Mama mdogo hakuinua kichwa.

— Miaka mitatu kitandani, alisema. Maji aliomba mara moja. Usiposikia, alinyamaza na kiu yake.

Akalikunjua shuka, akalifunika jiwe mpaka chini.

— Mwanangu, neno "mvumilivu" lilikuwa na ubaya gani?

Wembe alichukua birika. Lilikuwa tupu, naye akaliinamisha hivyo hivyo juu ya kikombe cha Kamusi, akangoja.