Kiingereza cha Dresa Anyisile

Benchi letu pale mtaa wa Ramadhani, Njombe, lina miguu mitatu na jiwe, na kahawa ya Mama Tereza ndiyo inayotutia ubishi baridi ikibana. Asubuhi moja ya Alhamisi, mwaka ule Malkia wa Uingereza alipovikwa taji, tulikuwa wanne: Stimu, dereva wa lori la Makambako, Hakimu, ambaye ni tarishi tu wa boma, Mwalimu Sila, na mimi. Jumanne tulikuwa tumemzika Yunisi, mke wa Anyisile, yule dresa anayefunga vidonda hospitalini. Sila hakuwa amegusa kikombe chake.

— Mwalimu, kunywa, Stimu akasema. Hukumuua wewe.

— Mumewe nilimfundisha mimi.

— Tena ukamfundisha barabara! Hakimu akadakia. Miezi minane tu, dresa anamsomea daktari vitanda vyote kwa Kiingereza, hata jasho halimtoki.

— Vitanda, ndiyo. Kitabu cha shule alikikataa. “Mwalimu, mimi mtu mzima, habari za paka na mbwa za nini? Nipe Kiingereza cha kazi yangu.” Nikampa. Tulisomea kadi za wagonjwa. Umri, homa, mapigo ya moyo. Na nikajisifu, jamani.

Yaliyofuata tuliyajua sote. Jumamosi Yunisi alilazwa kitanda cha nne. Daktari ni mgeni, Kiswahili hajui, na mkalimani wake ndiye Anyisile mwenyewe. Jumatatu asubuhi Anyisile akasimama wima, akasoma kama kawaida: mwanamke, miaka thelathini, homa siku ya tano. Daktari akaandika dawa, kisha akamtuma Anyisile kijiji cha Kifanya kuchanja watoto. Kusema kwa Kiingereza huyu ni mke wangu, niache nikae naye, hakujua. Akaenda. Aliporudi jioni, kitanda cha nne kilikuwa kimetandikwa upya.

— Mimi nawaambieni, Stimu akasema, Kiingereza cha kazi Wazungu wanatupimia makusudi. Mimi nimepewa cha breki na tairi. Cha kusema nimechoka, sina.

— Kupima tu? Pale boma kuna kabati lina kufuli, Hakimu akasema. Maneno ya kulilia yamo humo.

— Kabati gani! Stimu akamkatiza. Yako kwao Ulaya, yanalindwa na askari. Meli haziruhusiwi kuyapakia.

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Sila alikuwa akifuta macho kwa mkono wa koti. Ndipo Anyisile akatokea njiani, amevaa sare yake, daftari kwapani.

— Kamwene.

— Kamwene, tukaitika.

Sila akasimama.

— Pole, ndugu yangu. Sikudhani utakuja tena kwangu.

— Leo Alhamisi, Mwalimu. Siku yetu ya somo.

Akafungua ukurasa mtupu, akauweka juu ya benchi.

— Niandikie ile ya kuomba nikae na mke wangu.

Sila akaandika. Ulikuwa mstari mmoja. Anyisile akaupitisha kidole, akausoma polepole, akarudia.

— Ndiyo maneno haya tu?

— Ndiyo haya tu.

— Kumbe machache. Yangetuchukua siku ngapi, Mwalimu?

Mama Tereza akaja na birika, akaona vikombe vyetu vyote vimejaa, akarudi nalo jikoni.