Linus Hezroni Mbwambo, Mwamuzi wa Jumapili

Wazazi wetu, shikamooni. Mimi ni Fortunata, mdogo wake marehemu. Nasoma karatasi hii huku bado siamini, mnivumilie.

Linus alizaliwa tarehe 14 Agosti 1984 hapa Bombo, mtoto wa pili wa Mzee Hezroni na marehemu mama yetu Dorkas. Alisoma shule ya msingi hapa hapa na sekondari mjini Same, kisha akasomea upimaji wa ardhi Morogoro. Alipoajiriwa, shamba la kwanza kulipima lilikuwa la baba. Akamrudishia jirani hatua mbili ambazo baba alikuwa akizilima tangu ujana wake! Baba alinuna wiki nzima.

Tarehe 9 Oktoba 2010 alifunga ndoa na Beatha, wakajaliwa binti mmoja, Eva, sasa ana miaka kumi na miwili.

Kila Jumapili baada ya ibada, Linus alikusanya vijana nyumbani kwake Same kwa mchezo wa mezani. Kila mmoja ana mhusika wake wa kubuni, kila zamu ina idadi yake ya hatua, na dadu huamua kama jambo limewezekana. Linus alikuwa mwamuzi. Mzee mmoja wa kanisa alikwenda kuukomesha, akidhani ni kamari. Akaondoka jioni, akilalamika kwamba mhusika wake ameonewa.

Jumapili iliyopita, tarehe 1 Machi 2026, mhusika wa Eva, mwanasarakasi, alibiringita chini ya mikuki ya walinzi, kisha akataka kuruka paa hadi paa. Linus akaamua kwamba kubiringita kumemaliza hatua zake, kwa hiyo ameanguka na amekufa. Eva alilia, akagoma kuzungumza na baba yake.

Jumatatu Linus alikwenda Makanya kikazi. Jumanne akapiga simu. Eva akakataa kuipokea. Linus akamwambia Beatha, "Mwambie mwanangu nimekosea mimi. Nimekisoma kitabu upya. Kubiringita hakupunguzi hatua zake. Jumapili ataruka tena."

Alhamisi, saa nne na nusu asubuhi, akiwa ameshika kamba ya kupimia, alimwomba mwenzake Abubakari maji. Abubakari alipogeuka na chupa, Linus alikuwa ameshaanguka. Daktari alisema ni moyo. Jamani, mtu huyu hakuwahi kulazwa hata siku moja!

Ameacha baba, mjane Beatha, binti Eva, kaka yetu Loth, na mimi.

Jana vijana wa mchezo walikuja msibani na dadu zao, wakaogopa kuzitoa. Baba akasema, "Mwacheni mtoto aruke." Eva akarusha dadu pale mkekani. Mwanasarakasi akavuka. Hakuna aliyeshangilia. Eva akanigeukia.

"Shangazi, sasa baba ataambiwa na nani?"

Nilimwahidi nitamwambia mimi, leo, mbele yenu.

Kaka Linus, Eva amevuka. Pumzika, Bwana akupe amani yake.