Ishirini na Sita wa Januari Mosi

Mheshimiwa Waziri wa Elimu wa Kaunti. Mkuu wa Chuo, Bi. Akuwam, walimu, wazazi mliopanda lori Kaikor na Lokiriama tangu juzi, wageni wetu kutoka Kakuma, na ninyi wahitimu mnaotokwa jasho ndani ya hayo majoho: ejok, hamjambo.

Naitwa Ethuro. Nimeripoti habari za Turkana redioni kwa miaka ishirini na minne, na leo nimeombwa niseme machache kuhusu walimu wapya wa shule za msingi. Nitazungumzia barua pepe.

Miaka mitatu iliyopita, kituo cha masomo kule kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma kilituma hapa Lodwar maombi ya wanafunzi ishirini na tisa. Aliyeyatuma ni karani wa kituo, Bi. Hamdiya, yule pale safu ya tatu anayejifanya anatafuta kitu mkobani. Aliyatuma yote kwa dakika kumi, kutoka anwani moja, kwa maneno yaleyale. Siku nane zikapita kimya. Jumatano, mwombaji mmoja, Aguer, akapiga simu chuoni. Akaambiwa hakuna kilichofika. Maombi yalikuwa yanafungwa Ijumaa saa sita mchana, na nafasi nyingine ilikuwa baada ya mwaka mzima.

Barua zilikuwa wapi? Kampuni inayobeba barua pepe za kituo ilizizuia kabla hazijatoka. Mashine yao ilizihesabu kuwa barua taka, kazi ya matapeli. Taarifa ya kuzuiwa ilikuwepo, lakini Hamdiya hakuiona mpaka Aguer alipopiga simu. “Hilo ni kosa langu,” aliniambia. “Liandike.” Nimeliandika.

Alhamisi saa tatu asubuhi Hamdiya akapiga simu Nairobi, kwenye ofisi ya kampuni hiyo. Afisa aliyepokea alikuwa ameshazisoma barua, naye akazishuku kuliko mashine.

“Madam, watu ishirini na sita hawawezi kuzaliwa siku moja.”

“Wanaweza, kama aliyewasajili alikuwa na foleni.”

Wangapi hapa hamjui jambo hilo? Ukifika mpakani bila cheti cha kuzaliwa, anayekuandikisha hukadiria mwaka, na mahali pa siku huweka Januari mosi. Msidhani ni wakimbizi tu. Mimi ni mzaliwa wa Lopur, hapahapa Turkana, na kitambulisho changu kinasema hivyohivyo.

“Tutachunguza,” akasema afisa. “Ni siku kumi na nne za kazi.”

“Mimi nina saa ishirini na saba.”

Palikuwa na njia za mkato. Gatwech, unaketi mbele hapo, nawe ndiwe uliyesema: “Mama, si tubadilishe tarehe tu? Mimi nichukue Agosti, Kuot apewe Machi.” Akakujibu: “Na kitambulisho chako kitasema nini? Kwamba Agosti imehamia Januari?” Kutumia anwani nyingine pia hakukuwezekana, kwa sababu chuo hupokea maombi kutoka anwani ya kituo iliyosajiliwa, basi.

Kwa hiyo akaiweka simu mezani, akafungua spika, akawaita waombaji wote.

“Achol. Januari mosi.”

“Kuot. Januari mosi.”

“Abdijabar. Januari mosi.”

Wa kumi na moja alipomaliza, afisa akasema, “Inatosha, madam.”

“Haijatosha. Bado kumi na wanane.”

Wakaendelea. Nyakuoth aliposema amezaliwa Juni kumi na nne, chumba kizima kikamzomea, mtu akauliza amepata wapi hiyo Juni, na kwenye simu afisa akasikika akicheka. Alisikiliza mpaka jina la mwisho. Saa kumi na dakika ishirini jioni kizuizi kikaondolewa, kwa sharti kwamba barua zitumwe moja moja, dakika tano kati yake. Ya mwisho ilitoka saa kumi na mbili na dakika arobaini. Asubuhi yake Hamdiya akapiga simu hapa, akataka asomewe kila jina lililopokelewa.

Alhamisi ile alinipigia na mimi redioni. Nilimwambia hapo hakuna habari. Nilikosea, na leo nasema hivyo mbele yenu.

Kati ya wale ishirini na tisa, ishirini na wanne walipata nafasi. Mmoja alirudi Sudan Kusini, mwingine aliacha bila kutoa sababu. Ishirini na wawili wanahitimu leo. Jumatatu kuna madarasa yatakayokuwa na mwalimu kwa sababu mwanamke mmoja alikataa kukata simu.

Sasa, Bi. Akuwam, nakugeukia wewe. Wiki iliyopita Hamdiya alituma maombi arobaini na moja, moja moja, kama alivyoelekezwa. Saba yamezuiwa. Kampuni inasema inachunguza, na chuo chako kinafunga maombi kesho kutwa. Najua kanuni yenu inataka barua pepe peke yake. Lakini je, kanuni hiyo iliwekwa ili mpate walimu, au ili mashine ya mtu mwingine iwachagulie?

Maombi hayo saba ninayo kwenye bahasha hii, yamechapwa, yana muhuri wa kituo. Waombaji wenyewe wako kule nyuma chini ya turubai. Simameni, muonekane. Siombi wapewe nafasi. Naomba uyapokee kwa mkono wako, uandike tarehe na saa, utie saini, Mheshimiwa na wazazi hawa wakiona.

Nawashukuru nyote kwa kunivumilia katika joto hili. Bi. Akuwam, usisumbuke kuinuka. Nashuka kuja hapo ulipo, na kalamu ninayo.